Upasuaji Mdogo wa Kifundo cha Mkono



Katika vijiji vya Mufindi mkono haupumziki. Ukitoka Mafinga kuelekea kwenye mashamba ya chai, utawakuta wachumaji wakikunja na kukunjua vifundo vya mikono tangu asubuhi. Katika shamba la miti la Sao Hill wako wanaoshika msumeno wa mashine, ambao hutetemesha mikono kutwa nzima. Nyumbani kuna jembe, mchi, shoka na ndoo ya maji. Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono akipoteza nguvu ya kiganja, nyumba nzima hupungukiwa.

Uko ugonjwa mmoja wa kifundo cha mkono ambao huondoa nguvu hiyo polepole. Mara nyingi unatibika. Wagonjwa wengine hufanyiwa upasuaji mdogo na kurudi nyumbani siku ile ile. Lakini wengi huogopa kisu, wakachelewa. Wengine hupasuliwa vizuri, kisha wakashika jembe mapema mno.

Katika somo hili tutajifunza jambo moja kubwa: daktari hufanya kazi ya muda usiozidi nusu saa, lakini mgonjwa na jamaa zake wana kazi ya wiki 6 au zaidi. Kazi hizo mbili zikifanywa vizuri, mkono hupona.

1. Njia nyembamba ndani ya kifundo

Tazama upande wa ndani wa mkono wako, mahali kiganja kinapoanzia. Chini ya ngozi pana njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo. Dari lake ni ukanda mgumu. Ndani ya njia hiyo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu.

Fikiri juu ya kipande cha mwanzi. Umepitisha ndani yake kamba 9 na uzi mmoja laini. Kamba zikivimba, mwanzi hautanuki. Uzi ule laini utabanwa. Hivyo ndivyo mshipa wa fahamu unavyobanwa ndani ya kifundo cha mkono.

Mshipa huo huleta fahamu katika kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Pia huipa nguvu nyama iliyo chini ya kidole gumba. Kwa hiyo ukibanwa, mgonjwa huona dalili hizi:

- Vidole hivyo hufa ganzi au huchoma kama vinavyochomwa sindano.
- Maumivu huzidi usiku. Mgonjwa huamka na kukung'uta mkono ili apate nafuu.
- Vitu humponyoka, kama vile kikombe, sindano ya kushonea au jani la chai.
- Ugonjwa ukikaa sana, nyama iliyo chini ya kidole gumba hupungua na kiganja huwa bapa upande huo.

Kidole cha mwisho hakifi ganzi kwa ugonjwa huu. Kama ganzi iko katika kidole hicho, huenda mshipa mwingine umebanwa, pengine kwenye kiwiko. Mweleze daktari vidole vyako kimoja kimoja. Maelezo hayo yatamsaidia sana.

Lipo jaribio moja ambalo daktari Mmarekani, George Phalen, alilieneza katika miaka ya 1950. Gusanisha migongo ya viganja vyako, vidole vikielekea chini. Kaa hivyo kwa dakika 1. Kama ganzi inaanza au inazidi, nenda ukapimwe. Jaribio hili peke yake halitoshi kuamua ugonjwa, lakini linakupa sababu ya kwenda zahanati.

Angalia: mkono ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, usifikiri ni ugonjwa huu. Hiyo ni dalili ya kiharusi. Mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile.

2. Si kila mkono unahitaji kisu

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume. Kazi ya kukunja kifundo kwa nguvu mara nyingi, na mashine zinazotetemeka, huongeza hatari. Ugonjwa wa kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo na baridi yabisi navyo huweza kuuleta. Ndiyo maana daktari anaweza kupima damu ingawa wewe umelalamikia mkono. Mama mjamzito pia huweza kuupata, na mara nyingi hupata nafuu baada ya kujifungua.

Kama ugonjwa haujaendelea sana, daktari huanza na tiba nyepesi. Mgonjwa huvaa banzi usiku ili kifundo kikae kimenyooka. Hupunguza kazi inayomwumiza. Pengine huchomwa sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya kifundo. Wengi hupata nafuu kwa njia hizo.

Upasuaji huja pale tiba hizo zinaposhindwa, au ganzi inapokuwa haiondoki usiku wala mchana, au nyama ya kidole gumba inapoanza kupungua. Hapo usingoje. Mshipa uliobanwa miaka mingi huweza usirudi katika hali yake hata ukifunguliwa.

Watu wengine huchanja chale juu ya kifundo na kupaka dawa. Chale haifiki kwenye ukanda ule mgumu, kwa hiyo haifungui njia. Wembe huo unaweza kukata mshipa wa damu au kuingiza vidudu vya ugonjwa.

Upo pia uvimbe wa mviringo unaotokea mgongoni mwa kifundo. Ndani yake mna majimaji mazito. Zamani huko Ulaya watu waliupiga kwa kitabu kizito ili upasuke. Usifanye hivyo. Unaweza kuumiza mfupa, na uvimbe huweza kurudi. Mara nyingi uvimbe huu hauna hatari na unaweza kuachwa. Ukiuma au ukizuia kazi, daktari anaweza kuunyonya kwa sindano au kuuondoa kwa upasuaji mdogo. Mengi ya maandalizi tutakayosoma hapa yanamfaa pia mgonjwa wa uvimbe huo.

3. Kujiandaa kabla ya siku

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu. Hapo utapewa barua ya kwenda hospitali. Hospitali ikiona inafaa, itakupeleka mbele zaidi, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Iringa, au ya Kanda iliyoko Mbeya. Tunza barua hiyo. Chukua pia kadi ya bima kama unayo, na uulize gharama mapema.

Mwambie daktari mambo haya bila kuficha:

- Magonjwa uliyo nayo, hasa kisukari na shinikizo la damu.
- Dawa zote unazotumia, pamoja na aspirini, dawa nyingine za kufanya damu iwe nyepesi, na dawa za miti shamba. Usiache dawa yoyote mpaka daktari akuambie.
- Dawa iliyowahi kukudhuru, hasa dawa ya ganzi.
- Kama una mimba au unadhani unayo.

Nawe una haki ya kuuliza. Uliza hivi: Mtapasua mahali gani? Nitalala au nitakuwa macho? Nile au nisile kabla ya kuja? Nyuzi zitatolewa lini, na wapi? Nikipata shida usiku, niende kwa nani? Kama unasahau, andika maswali yako kwenye daftari. Kujua kusoma na kuandika kunakufaa hapo.

Kisha tengeneza nyumba. Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Kwa wiki kadhaa utakuwa na mkono mmoja tu. Kwa hiyo fanya haya mapema:

- Pasua kuni na uzipange karibu na jiko.
- Sagisha unga wa kutosha.
- Patana na jamaa au jirani atakayechota maji, kukamua ng'ombe na kumbeba mtoto.
- Weka tayari nguo zenye mikono mipana. Chagua sketi au suruali isiyohitaji kufungwa kwa mikono miwili.
- Zoeza mkono wa pili kushika kijiko na kufunga mlango.

Kama mikono yote miwili inaumwa, mara nyingi hupasuliwa mmoja kwanza. Ukiweza kuchagua wakati, usichague msimu wa kupanda mahindi. Lakini kama daktari amesema mshipa uko katika hatari, usingoje mavuno.

4. Siku ya upasuaji

Oga na uvae nguo safi. Kata kucha na usugue uchafu wa shamba chini yake. Vua pete, bangili na saa, kwa maana vidole vitavimba na pete itabana. Usinyoe nywele za mkono wewe mwenyewe. Wembe huacha mikwaruzo midogo inayoingiza vidudu. Kama una kidonda au jipu kwenye mkono huo, sema kabla hujapasuliwa.

Usiende peke yako. Mchukue mtu mzima wa kurudi naye. Usiendeshe baiskeli wala pikipiki siku hiyo. Ukirudi kwa bodaboda, hutaweza kujishika vizuri. Afadhali upande gari.

Mara nyingi mgonjwa hubaki macho. Daktari huchoma dawa ya ganzi penye kifundo na kiganja. Sindano hiyo inauma kidogo, kisha mkono hufa ganzi. Pengine utafungwa mkanda wa kubana kwenye mkono ili damu isisumbue. Utasikia kubanwa na kuvutwa, lakini hupaswi kusikia maumivu makali ya kisu. Ukiyasikia, sema mara moja. Ganzi huongezwa.

Daktari hupasua mahali padogo penye mwanzo wa kiganja. Hukata ukanda ule mgumu, ambao ndio dari. Kano na mshipa havikatwi. Njia hupanuka, na mshipa hupata nafasi. Kisha ngozi hushonwa na mkono hufungwa bendeji.

5. Siku 3 za kwanza nyumbani

Ganzi ikiisha, maumivu huanza. Kunywa dawa ya maumivu kama ulivyoandikiwa. Usizidishe.

Inua mkono uwe juu kuliko moyo. Ukikaa, uweke juu ya mto. Ukilala, uweke juu ya nguo zilizokunjwa. Mkono unaoning'inia hujaa damu, huvimba na kuuma zaidi.

Chezesha vidole tangu siku ile ile. Vinyooshe, kisha vikunje kama ngumi nyepesi. Gusa ncha ya kila kidole kwa kidole gumba. Fanya mara 10, na urudie mara kadhaa kwa siku. Vidole vikiachwa bila kuchezeshwa hukakamaa. Zungusha pia bega na kunja kiwiko.

Huku Mafinga usiku huwa na baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Kila mtu husogea motoni. Mwenye mkono wenye ganzi awe mwangalifu sana. Vidole visivyosikia huungua bila mwenyewe kujua. Funika mkono kwa kitambaa kikavu au soksi safi, wala usiuweke karibu na makaa. Maji ya kunawa yajaribiwe kwanza kwa mkono mzima.

6. Mpaka nyuzi zitolewe

Nyuzi hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Mpaka siku hiyo kidonda kiwe safi na kikavu. Ukioga, funga mkono ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka. Bendeji ikilowa au ikichafuka, nenda ibadilishwe. Anayeibadilisha anawe kwanza kwa maji na sabuni.

Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu, udongo wala majani juu ya kidonda. Vitu hivyo huweza kuleta usaha, na hata pepopunda.

Mkono huo unaweza kushika kijiko, kikombe au kalamu. Usiinue kitu kizito kuliko hivyo. Usioshe vyombo, usifue, usiingie kwenye banda la mifugo kwa mkono huo.

7. Wiki ya 2 mpaka ya 6, na baadaye

Nyuzi zikishatolewa na kidonda kikifunga, sugua kovu polepole kwa mafuta safi, dakika chache, mara 2 au 3 kwa siku. Kovu litalainika. Anza kazi ndogo: kuvaa, kufagia kidogo, kupika kwa sufuria nyepesi. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Hiyo bado si yako. Jembe, mchi na shoka pia vingoje.

Baada ya wiki 6 hivi, wengi huanza kurudia kazi ya shamba kidogo kidogo. Anza na nusu saa. Mkono ukivimba au kuuma usiku, punguza. Kazi nzito sana, kama msumeno wa mashine, huweza kuhitaji miezi 2 au 3. Fuata maagizo ya daktari wako.

Usikate tamaa haraka. Maumivu ya usiku mara nyingi hupungua katika siku chache. Ganzi huchukua wiki au miezi. Kiganja huweza kuuma kinapokandamizwa kwa miezi 3 au zaidi. Nguvu za kushika hurudi kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Kwa aliyechelewa sana, ganzi kidogo huweza kubaki, lakini upasuaji huzuia mkono usizidi kuharibika.

8. Dalili za hatari

Rudi hospitali bila kungoja siku ya ahadi ukiona:

- Kidonda kinatoa usaha au kinanuka.
- Wekundu, joto na uvimbe vinaongezeka badala ya kupungua.
- Homa.
- Damu inaendelea kutoka ingawa umekandamiza kwa kitambaa safi na kuinua mkono kwa dakika 10.
- Vidole vimekuwa vya baridi, vyeupe au vya buluu.
- Maumivu makali yasiyotulizwa na dawa, au kidole hakikunjiki kabisa.

9. Kazi na haki ya mgonjwa

Wengi hurudi kazini mapema kwa sababu ya kuogopa kukosa mshahara. Jua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mfanyakazi lazima apeleke cheti cha daktari. Aliye kazini kwa muda usiofika miezi 6 amwulize mwajiri au chama cha wafanyakazi mapema.

Kama daktari anaona ugonjwa umetokana na kazi, uliza pia habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Mkulima wa kijijini hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake hutolewa na jamaa na majirani. Mume ashike sufuria na ndoo. Watoto wakubwa walete kuni. Majirani wampalilie siku moja moja. Naye mkono wake ukipona, atawalipa kwa kazi.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wananchi vilisikiliza redio, vikajadiliana, kisha vikachimba vyoo. Nasi tukimaliza kusoma, tujadiliane, kisha tufanye kazi iliyo mwisho wa somo.

Maneno ya kujifunza

Banzi: kipande kigumu kinachofungwa ili kiungo kisikunjike.
Kano: kamba ngumu ya mwilini inayounganisha nyama na mfupa.
Mshipa wa fahamu: mshipa unaopeleka habari kati ya ubongo na viungo.
Kovu: alama inayobaki baada ya kidonda kupona.
Rufaa: kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa zaidi.

Maswali ya majadiliano

1. Ni vidole gani hufa ganzi katika ugonjwa huu? Ni kipi hakifi ganzi?
2. Kwa nini mgonjwa avue pete kabla ya upasuaji?
3. Mama mmoja amepasuliwa wiki 2 zilizopita. Nyuzi zimetolewa, naye anataka kuchota maji kwa ndoo ya lita 20. Mtamshauri nini?
4. Kwa nini mwenye mkono wenye ganzi ajihadhari na moto?
5. Katika kijiji chenu, ni sababu zipi huwafanya watu wachelewe kwenda hospitali? Mnaweza kuondoa sababu ipi ninyi wenyewe?

Kazi ya kufanya

Andikeni majina ya watu wa darasa lenu wanaoweza kusaidia nyumba yenye mgonjwa kuchota maji, kupasua kuni na kupalilia. Pangeni zamu ya wiki 6. Itundikeni orodha hiyo ukutani, tayari kwa siku itakapohitajika.